Mke Gani Huyo Unayetembea Naye Jioni

Nyumbani, 9 Februari

Mume wangu,

Sina haja ya kukuzungusha: nimeanguka. Kusoma nimefaulu, kuandika nimefaulu, kusikiliza nimeponea chupuchupu. Kuzungumza ndiko kulikoniangusha, na bila kuzungumza hawatanipa ruhusa ya kuja kuishi nawe huko. Nilitegemea mtihani wa Kiingereza unitoe jasho popote pengine, lakini si kwenye kuongea. Mimi, Chiriku!

Ilikuwa hivi. Chumba kidogo, meza, kaseti inazunguka kurekodi, na mtahini mama mmoja mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza cherehani, sare za shule, vifungo, yote. Akatabasamu. Kisha akanipa kadi: mweleze mtu unayemfahamu sana. Nikakuchagua wewe, ningemchagua nani mwingine? Nikafungua mdomo, nikasema mume wangu ni mrefu. Basi. Usidhani maneno ya Kiingereza yalinikimbia. Nilipokutafuta kichwani nilikuona kwa mgongo tu, unavyoingia ndani ya uwanja wa ndege na begi lako siku ya kuondoka. Miaka miwili imepita. Sijui siku hizi unanyoa ndevu au unafuga. Sijui unakula na nani. Kaseti ikaendelea kuzunguka, inarekodi mtu anayepumua.

Habari zilifika kazini kabla yangu. Mafundi wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mama yako kasema, "Huo mtihani wamekuonea. Wangekupima kunyamaza, hapo ungeanguka kihalali."

Naweza kurudia mwezi wa nane. Wewe unaongea Kiingereza kutwa, nisaidie. Ila usinipigie pale duka la dawa, maana nikishika ile simu foleni nzima inaacha kukohoa ili isikie vizuri. Niandikie.

Wako,
Chiriku


Chumbani kwangu, 1 Machi

Mke wangu Chiriku,

Pole, lakini usijitie unyonge. Kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele.

Mimi huku Kiingereza nakinywa kama maji. Ghalani tunapiga soga tangu tunaingia mpaka tunatoka, na msimamizi wetu ni mtu wa mizaha. Jumapili mwenye nyumba ananiita chini kwa chai, tunakaa tunazungumza mpaka jua linazama. Ukiishi hivyo, lugha inaingia yenyewe bila kubisha hodi.

Siri ni moja: zungumza peke yako. Unapotia uzi, sema natia uzi. Unapopiga pasi, sema napiga pasi. Jiulize, jijibu. Ulimi ni kama bawaba, ukiutumia kila siku haulii.

Ndevu nanyoa. Nakula vizuri. Baridi nimeizoea. Msalimie sana mama, na magoti yake ayakande.

Mumeo


Nyumbani, 20 Machi

Mume wangu, msemaji wa siku hizi,

Ushauri wako ulitaka kuniletea balaa. Nilikuwa uani naanika nguo, najiuliza kwa sauti ya mtahini, najijibu kwa sauti yangu. Mama akanisikia dirishani, akaenda kumwita jirani. Wakaja wakasimama mlangoni wameshikana mikono. Mama akaniuliza kama kichwa kinaniuma, kwa upole ambao hajawahi kunionyesha tangu unioe. Nilipomweleza, akafikiri, akasema basi niwe nasema mbele yake, hata kama haelewi. Mtu akizungumza na mtu majirani hawana la kusema. Sasa jioni anaweka kiti mbele yangu, yeye ndiye mtahini. Nikikwama anatikisa kichwa kwa masikitiko, kama vile alikuwa anafuatilia kila neno.

Nimepata mwalimu pia. Ni yule mama mstaafu mwenye mkongojo, anayekaa nyuma ya duka la dawa. Hanifundishi vitabu. Anasema watu wanaanguka kwa sababu wanabeba majibu ya watu wengine, na mzigo wa mtu mwingine haukai sawa kichwani. Anataka niseme ninachokijua. Jana kaniuliza, "Mumeo anakaa chumba cha namna gani? Akifungua dirisha anaona nini?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Muulize."

Basi nakuuliza. Niandikie ukurasa mmoja kwa Kiingereza: nyumba unayokaa, mtaa, jioni unafanya nini. Nitausoma kwa sauti mpaka niujue kama njia ya kwenda kazini, na siku wakinipa tena kadi ile nitakuwa na la kusema.

Wako,
Chiriku


Chumbani, 11 Aprili

Mke wangu,

Ukurasa wako huo hapo, nimeukunja ndani ya hii. Samahani ni mfupi, kazi zimebana. Ukisoma angalia sana matamshi. Mama hajambo?

Mumeo


Nyumbani, 2 Mei

Mume wangu,

Ukurasa niliupeleka kwa mwalimu bila kuufungua. Nilitaka tuufungue pamoja, kama zawadi. Akausoma kimya, akanirudishia, akaniambia nisome mwenyewe kwa sauti.

Nikasoma. Una nyumba yenye bustani ya maua mbele. Una mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia. Sawa, nikasema moyoni, mtu akiwa ugenini huficha vitu vidogo ili aje kuwashangaza watu wake. Nikaendelea. Nikafika pale chini: kila jioni baada ya chakula, mimi na mke wangu hutembea hadi kwenye ziwa dogo kuwatazama bata.

Niliurudia mstari ule nikidhani Kiingereza changu ndicho kibovu. Mwalimu akasema hapo sijakosea kitu.

Mke gani huyo unayetembea naye jioni? Jioni mimi niko hapa, mbele ya mama yako, namweleza kwa Kiingereza jinsi ya kupiga pasi kola. Miguu yangu haijafika kwenye ziwa lolote. Na kama ulisahau barua inakwenda kwa nani, ukaandika mambo yako kama yalivyo, basi nashukuru kwa kunifundisha.

Mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia ukurasa ule una Kiingereza kizuri kupita kiasi, na nikuulize kabla sijalia. Nimekuuliza. Kulia sikuahidi.

Chiriku


Nyumbani, 6 Juni

Bwana,

Sijapata jibu. Kwa mwalimu nimeacha kwenda. Mama kauliza kwa nini jioni hatuweki tena viti, nikamwambia nina mafua. Kuhusu mwanawe sikumwambia lolote, asije akabeba aibu isiyo yake.

Kama kuna mtu, niambie kwa Kiswahili, nisije nikakosea tafsiri.

Fundi cherehani


Chumbani, 10 Juni

Mke wangu,

Hakuna mke mwingine. Hakuna bustani, hakuna mbwa, na bata sijawaona tangu nifike. Barua yako ya mwezi wa tano niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, na kila nikishika kalamu kujibu mkono unakuwa mzito.

Ukurasa ule niliunakili kutoka kwenye kitabu. Ni kile kitabu nilichokikariri chote kwa ajili ya mtihani wangu, unakumbuka, hata kwenye kula nilikuwa nacho. Nilijibu kama maji yanavyotiririka, mtahini akanisifu. Nilipofika huku nikakuta hakuna mtu anayeuliza maswali yale. Wanauliza mengine, haraka haraka, uso umegeukia kwingine. Nikawa nasema samahani. Samahani ya pili mtu anaivumilia, ya tatu anakwenda kumwuliza mwingine. Taratibu nikaacha kujibu, nao wakaacha kuniuliza.

Ghalani tunavaa vizibo vya masikio kwa sababu ya ngurumo za mashine za baridi. Tunaongea kwa mikono. Kidole juu ni pandisha, kidole chini ni shusha, ngumi ni simama. Msimamizi sijui hata sauti yake ikoje.

Mwenye nyumba yupo, na chai aliniita kweli, Jumapili moja, mwaka wangu wa kwanza. Alinisimulia jambo refu. Mimi kwa kuwa sikuelewa nikawa natabasamu na kutikisa kichwa, na alipofika mwisho nikaona analia. Mpaka leo sijui nilitabasamia nini. Hakuniita tena.

Uliuliza dirishani naona nini. Naona ukuta wa matofali na bomba la maji machafu linaloshuka kutoka ghorofa ya juu. Ndani kuna kitanda, kiti kimoja, jiko dogo la umeme na sufuria. Chumba cha pili kuna mtu ninamfahamu kwa kikohozi chake tu. Jumapili nakwenda kwenye duka la mashine za kufulia, hata kama nguo zangu ni safi, kwa sababu watu wakisubiri pale huzungumza. Nakaa katikati yao na mfuko wangu. Wanadhani nangoja zamu.

Uliponiomba nikueleze jioni yangu kwa Kiingereza, nilikaa na karatasi mbele yangu nikaona kwamba hata kwa Kiswahili sina la kueleza. Ndipo nikafungua kitabu.

Sasa umejua unakokuja. Ukisema huji, sitakulaumu. Sina bustani ya kukuonyesha, na mtu mwenyewe amesahau kuongea.

Mumeo


Nyumbani, 1 Julai

Mume wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Ile yangu ya mwezi wa sita ukiipata, itie kapuni. Au isome ucheke, ukiweza.

Nikuambie nilivyoipokea yako. Kwanza nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikapiga kofi: hana mtu! Nikaisoma mara ya pili, nikaelewa nimepigia nini kofi. Hana mtu.

Kisha nikakasirika, na hasira bado ninayo kidogo, naiweka tutakutana nayo huko. Ulikuwa na haki ya kunificha bomba la maji machafu. Kunificha kwamba uko peke yako, hapana. Mimi nilidhani huku nyuma ndiko kuna mpweke mmoja, nikawa nakuonea wivu.

Unauliza kama nitakuja. Kiti kimoja kinatosha, mmoja wetu atakaa kitandani. Nimerudi kwa mwalimu nikamweleza mambo yote. Kumbe kile kitabu alikitambua tangu mstari wa kwanza. Amewafundisha wengi waliofaulu nacho, na baadhi yao wanamwandikia barua zinazofanana na yako. Hakuniambia kwa sababu, kasema, jibu hilo lilikuwa lako kulitoa.

Nimeazima redio kaseti ya kazini, nakutumia kaseti. Upande wa kwanza nafanya mazoezi: utanisikia kwa Kiingereza, usiogope, ni mimi. Upande wa pili niliweka redio uani jioni moja nikaiacha irekodi. Utasikia sufuria, utasikia watoto wa jirani, utamsikia mama anagombana na jirani juu ya kamba ya nguo. Ujumbe hamna. Sikiliza tu.

Wako, bado,
Chiriku


Chumbani, 28 Julai

Mke wangu Chiriku,

Kaseti ilifika, nami sina cha kuichezea. Nilitembea nayo mfukoni mwa koti nikiishikashika kama mtu mwenye funguo asiyejua mlango.

Ghalani kuna mzee mmoja anayeendesha mashine ya kuinua mizigo. Wote tunamwita Kofia, maana hajawahi kuivua. Naye si wa hapa, katoka nchi nyingine kabisa. Mapumziko huwa anakula ndani ya gari lake, milango imefungwa, anasikiliza kaseti za kwao. Nikamgongea kioo, nikamwonyesha kaseti. Akanitazama, akatoa yake, akanifungulia mlango.

Upande wa Kiingereza ulipoanza sikukutambua. Sauti imenyooka, inajua inakokwenda. Nikajisikia kama mtu aliyekaa karibu na mgeni. Kofia akawa anatafuna mkate wake. Nikaigeuza. Ikaja sauti ya ndoo, ikaja sauti ya mama: "Kamba hii niliifunga mimi, misumari niliipigilia mimi!" Na nyuma yake wewe unacheka.

Kofia aliacha kutafuna. Akaniuliza huyo ni nani. Nikasema mama yangu. Akauliza anagombea nini. Neno la kamba sikulijua, nikasema uzi mkubwa wa nguo. Akacheka, akasema mama yake naye alikuwa hivyo hivyo, ila yeye aligombea kisima. Akauliza, na huyo anayecheka? Nikasema mke wangu. Hapo, Chiriku, sijui ilikuwaje, sikunyamaza. Nilimweleza kwamba unashona, kwamba unakula ukiwa umesimama, kwamba ulianguka mtihani kwa ajili yangu. Nilikosea sana. Yeye naye anakosea, Kiingereza si chake, na makosa yetu hayafanani, kwa hiyo tuliazimana maneno. Nilipotaka kumweleza unavyocheka nikakosa neno kabisa, nikarudisha kaseti nyuma akakusikia mwenyewe.

Tulichelewa kurudi kazini. Tulikemewa, na ndiyo mara ya kwanza nimesikia sauti ya msimamizi. Ni nyembamba kama ya mtoto wa shule. Kofia na mimi tulitazamana, ikabidi nitazame sakafu nisicheke.

Siku hizi nakula garini kwake. Si kila siku. Kuna siku anataka kukaa peke yake, ananionyesha ngumi, nami naelewa.

Mtihani wako umekaribia. Sina ushauri. Wa kwanza ulitosha.

Mumeo


Nyumbani, 19 Septemba

Mume wangu,

Safari hii mtahini alikuwa kijana, ana mafua, leso mkononi. Kadi ilisema: eleza mahali ambapo hujawahi kufika na ungependa kufika. Nikaona wenzangu wangeeleza milima na miji yenye taa. Mimi nikamweleza chumba chako.

Nikaanza na ukuta wa matofali. Nikaja kwenye bomba, kitanda, kiti. Nikamweleza yule anayekohoa chumba cha pili. Nikamweleza kwamba Jumapili mwenye kile kitanda na kiti hubeba nguo safi kwenda kuzifua ili asikie watu. Nilikwama mara mbili nikavuka. Aliponikatiza kwa kuwa muda wangu umekwisha, mdomo wangu ulikuwa bado unakwenda.

Kisha kuna maswali. Akaniuliza kwa nini mtu atamani kufika mahali kama hapo. Nikamwambia, "Kwa sababu kuna mtu ndani yake." Akapenga kamasi, akaandika, akaniuliza tena habari za usafiri wa umma, nikamjibu.

Nimefaulu. Majibu yametoka leo. Mafundi walinibeba juu juu, nusura wanigonge kwenye feni. Mwalimu alinipa mkono tu, kama mtu mzima kwa mtu mzima.

Lakini kuna mama. Nilimkuta jikoni nikamwambia, akasema "Alhamdulillah" halafu akaendelea kuchagua mchele. Jioni nikaweka viti viwili kwa mazoea. Akasema, "Vya nini tena? Si umefaulu?" Akaenda kulala taa bado hazijawashwa mtaani. Nimemwuliza kama nibaki. Kanijibu nisimtukane.

Karatasi za safari zinashughulikiwa. Nimekaa kwenye kiti kimoja, miguu nimeiweka kwenye cha pili, nakuandikia, na nyumba nzima iko kimya. Nilidhani leo nitakuwa na furaha tupu.

Chiriku


Nyumbani, 24 Novemba

Mwanangu,

Mkono ni wa mwalimu, maneno ni yangu. Nimemkataza asiyanyooshe.

Mkeo kaondoka leo asubuhi. Tangu alfajiri alikuwa anaongea: dawa zangu ziko wapi, mlango wa uani unasukumwa vipi, jirani nisimchokoze. Gari lilipofika akanyamaza. Akanishika mkono hapa kwenye kifundo. Dereva akapiga honi. Nikamwambia nenda, mwanangu, mumeo anangoja. Sikumwita mkwe. Sijui kama alisikia, kulikuwa na kelele.

Nikarudi ndani. Miaka yote hii nikimwambia apumzishe ulimi nami nipumzishe masikio, nikajua leo nitalala mchana usingizi mzuri. Nikajinyoosha. Nikainuka. Nikaona kanga yangu imefumuka pindo, nikachukua sindano. Nikamwita aje anitilie uzi.

Basi nikaenda na ile sindano mpaka mlangoni, nikasimama nayo, nangoja apite mtu. Wakapita wengi wenye haraka zao, na kumsimamisha mtu kwa ajili ya uzi nikaona haya. Mwisho akapita mwalimu na mkongojo wake. Akatia. Kisha akaketi bila kukaribishwa, nami nikamtafutia karatasi.

Nina mambo mawili. La kwanza, mimi ni mzima, usianze kuwaza. Mwalimu kasema atakuwa anapita jioni. Simwamini sana, watu husema, lakini kiti nimekiweka.

La pili ni hili. Atafika kachoka, na atakuwa na maneno mengi. Mengine hayana maana, nakuambia mapema, mimi nimeyasikia. Yasikilize. Na akinyamaza usifurahi, muulize ana nini. Nawe akikuuliza umeshindaje, usimwambie vizuri ukanyamaza. Mwambie umeshindaje.

Kwangu usiharakishe kuandika. Nikiona barua inachelewa, nitajua mnaongea.

Mama yako